Kwetu goti ni heshima. Marekani mbona liligeuka kosa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari moja mkoani Kagera. Huku kwetu binti akimwamkia mkubwa anapiga magoti, hata awe na shahada mbili. Juzi vijana wa timu yangu waliona video ya wachezaji wa Marekani wakizomewa kwa sababu wamepiga goti wimbo wa taifa ukiimbwa. Wakaniuliza, "Mwalimu, si hiyo ndiyo heshima yenyewe?" Nikakosa jibu. Tena sasa na wao wanataka kupiga goti kabla ya mechi yetu ya UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari. Niwaambie nini?

JIBU: Mwalimu, vijana wako hawajakosea. Mtu aliyemshauri Colin Kaepernick, mchezaji aliyelianzisha jambo hili Marekani, apige goti aliwaza kama wao, na alikuwa mwanajeshi. Nitamfikia. Kwanza nikupe kisa cha utotoni kwangu, maana ndicho kilichonifundisha jambo hili kabla sijasoma kitabu chochote.

Nilikulia mji mdogo ambako saa kumi na mbili jioni, bendera ikishushwa, filimbi hupulizwa na kila mtu husimama pale alipo. Muuza karanga anasimama, mama mwenye ndoo kichwani anasimama. Jioni moja baba mmoja alikuwa anateremka mlima na baiskeli, nyuma kapakia mikungu minne ya ndizi. Breki zake zilikuwa soli ya ndala tu anayoigandamiza kwenye tairi. Filimbi ikalia, watu tukaganda, naye akatupita mbio, mguu unasugua tairi, macho yamemtoka. Alikuja kusimama mbali kule chini. Askari mmoja akamfuata, akamrudisha, akampigisha magoti akiwa ameuelekea mlingoti, mpaka giza likaingia.

Sasa angalia. Kosa lake ni kutosimama. Adhabu yake ni kupiga magoti, mbele ya bendera ileile. Goti ambalo asubuhi mkewe alimpigia mama mkwe kwa heshima, jioni limekuwa fedheha kwake. Kwetu goti lina kazi zaidi ya moja: ni salamu, ni ombi, ni toba, ni adhabu ya darasani. Hatuchanganyikiwi kwa sababu tunamtazama aliyelitaka goti hilo na saa lilipopigwa. Wamarekani nao walilitazama hivyohivyo.

Turudi mwaka 2016. Kaepernick alikuwa kwotabeki wa San Francisco 49ers, timu ya ligi ya NFL, yaani yule anayeongoza mashambulizi katika mpira wao wa Kimarekani. Hakuwa mtu wa kuokota: mwanzoni mwa 2013 aliifikisha timu yake fainali ya Super Bowl, wakafungwa na Baltimore 34 kwa 31. Ila kufikia 2016 nyota yake ilikuwa imefifia, majeraha yamemwandama, na namba yenyewe anagombea. Julai ya mwaka huo polisi waliwaua kwa risasi wanaume wawili weusi katika siku mbili mfululizo, Alton Sterling huko Baton Rouge na Philando Castile karibu na mji wa St. Paul, na video za matukio yote mawili zikaenea.

Agosti zikaanza mechi za kujipima nguvu. Kaepernick hakupiga goti, Mwalimu. Alikaa. Tarehe 14 na tarehe 20 alibaki benchi wimbo ukiimbwa, na hakuna aliyemtilia maanani, kwa kuwa hata jezi hakuwa amevaa. Tarehe 26, mechi ya nyumbani dhidi ya Green Bay, picha yake akiwa ameketi karibu na madumu ya maji ikasambaa. Alipoulizwa, alisema wazi kwamba hawezi kusimama kujivunia bendera ya nchi inayowaonea watu weusi. Nchi ikawaka.

Hapo ndipo anaingia huyo mwanajeshi. Nate Boyer alikuwa askari wa kikosi maalumu cha jeshi la Marekani, amepigana Iraki na Afghanistan, kisha akajaribu bahati yake katika ligi hiyohiyo akiwa na Seattle. Aliandika barua ya wazi katika gazeti la wanajeshi. Hakumtukana Kaepernick. Alisema ameumia, lakini yuko tayari kumsikiliza. Kaepernick akamtafuta, na tarehe 1 Septemba wakakutana kwenye ukumbi wa hoteli huko San Diego, saa chache kabla ya mechi. Mmoja hataki kusimama. Mwingine hawezi kuvumilia kuona mtu ameketi. Boyer akatoa shauri la katikati: piga goti moja. Askari hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao aliyeanguka vitani. Kaepernick akakubali. Usiku ule alipiga goti, mwenzake Eric Reid akapiga la kwake, na Boyer akasimama wima pembeni yao, mkono kifuani.

Waambie vijana wako sehemu hiyo taratibu, maana wengi hawaijui. Goti lilikuwa la suluhu. Watu wawili waliohitilafiana walikaa chini wakaongea, wakatoka na ishara ambayo kila mmoja wao angeweza kuibeba bila aibu.

Na bado wakazomewa. Kwa nini?

Kwetu wimbo wa taifa uwanjani tunausikia Taifa Stars ikicheza, au kwenye sherehe kubwa. Simba na Yanga wakikutana kwenye mechi ya kawaida ya ligi hatusimamishani kwa wimbo. Marekani huimbwa karibu kila mechi, hata ya watoto wa shule. Mazoea hayo yalishika kasi mwaka 1918, vita vya kwanza vikiendelea, bendi ilipoupiga katikati ya fainali za besiboli; wakati huo haukuwa hata wimbo rasmi wa taifa, hadhi hiyo uliipata 1931. Vita vya pili vikaukaza zaidi. Kwa hiyo mtazamaji wa kule hausikii wimbo ule kama utangulizi wa mchezo. Kwake ni ibada ya kuwakumbuka askari, na ibada hiyo ina mkao wake: wima, kofia mkononi, mkono kifuani. Ukienda msikitini ukakuta safu imesimama, wewe ukaketi mbele ya safu, hakuna atakayekuuliza kama kuketi kwenu ni adabu.

Kuna na fedha ndani yake. Mwaka 2015 maseneta wawili, John McCain na Jeff Flake, walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wizara ya ulinzi ilitumia takriban dola milioni 6.8 kuzilipa timu za michezo mbalimbali kwa ajili ya maonyesho ya uzalendo: bendera kubwa za kufunika uwanja, askari kushangiliwa, na mengineyo. Watazamaji walidhani timu zinafanya hayo kwa mapenzi. Mimi sisemi machozi ya mjane wa askari pale jukwaani yalikuwa ya kununuliwa. Nasema jukwaa lenyewe lilikodiwa, na mchezaji aliyepiga goti alikuwa anaharibu tangazo la mtu.

Ungeweza kuniuliza: basi wangepiga goti saa nyingine, si wakati wa wimbo, wangeachwa? Hilo lilijaribiwa. Septemba 22, 2017, Rais Donald Trump akihutubia Huntsville, Alabama, aliwatukana wachezaji hao na kutaka wamiliki wawafukuze. Mwisho wa juma hilo zaidi ya wachezaji 200 walipiga goti au kukaa, wengi wao wakiwa hawajawahi kufanya hivyo. Jumatatu yake Dallas Cowboys, pamoja na mmiliki wao bilionea Jerry Jones, walipiga goti kabla ya wimbo kuanza, kisha wakainuka, wakasimama wima wakati wa kuimba. Bendera haikukosewa hata kwa unywele. Wakazomewa vilevile!

Hapo nilibadili mawazo yangu. Mwanzoni nami nilidhani ugomvi wote ni wa bendera. Lakini wale waliozomea Dallas walikuwa wameshajua goti linasema nini, na hawakutaka kulisikia saa yoyote ile. Nadhani hasira za watu wa kule ni za namna mbili, na zimevaa jezi moja. Ipo ya mtu kama Boyer, iliyokuwa ya kweli na ikapoa baada ya mazungumzo. Na ipo ya mtu asiyetaka kuambiwa habari za polisi na watu weusi akiwa amekuja kustarehe na bia yake. Ya pili haina mkao utakaoiridhisha. Ungesimama kwa kichwa chako ingekuja na sababu nyingine.

Hata historia inasema hivyo. Mwaka 1996 Mahmoud Abdul-Rauf, mchezaji wa kikapu wa Denver Nuggets, Mwislamu, alikataa kusimama wimbo ukipigwa. Ligi ikamsimamisha mechi moja, akapoteza zaidi ya dola 31,000. Naye akakubali suluhu: atasimama, lakini atainamisha kichwa, mikono usoni, akiomba dua. Yaani alisimama kama walivyotaka. Hata hivyo, mwaka huohuo akauzwa timu nyingine, na miaka miwili baadaye nafasi yake katika ligi ikawa imeyeyuka. Na Tommie Smith na John Carlos, wanariadha weusi wa Marekani kwenye Olimpiki ya Mexico 1968, walisimama wima kabisa kwenye jukwaa la medali za mita 200; walichofanya ni kuinamisha vichwa na kuinua ngumi zenye glavu nyeusi. Wakafukuzwa kwenye timu na kurudishwa kwao.

Kaepernick mwenyewe yalimfika. Machi 2017 alijitoa kwenye mkataba wake, baada ya kufahamu kwamba klabu ingemwacha, na tangu hapo hajacheza tena mechi ya ligi. Akaishtaki ligi kwamba wamiliki wamekula njama ya kumfungia milango. Februari 2019 wakamalizana naye kwa makubaliano ya siri. Watu wengi huniuliza: katiba ya Marekani si inalinda uhuru wa kusema? Inalinda, lakini dhidi ya serikali. Mwajiri binafsi si serikali. Mwanafunzi wa shule ya umma kule ana ulinzi mkubwa kuliko mchezaji anayelipwa mamilioni: tangu 1943 Mahakama ya Juu kabisa kule iliamua, katika kesi ya watoto wa Mashahidi wa Yehova wa West Virginia, kwamba shule haiwezi kumlazimisha mtoto kuipigia bendera saluti. Na usidhani hayo ni ya huko tu, Mwalimu. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa. Kama mwalimu, hiyo unapaswa kuijua.

Nimesema sana habari za goti la mchezaji. Tarehe 25 Mei 2020 goti jingine lilionekana. Askari polisi wa Minneapolis, Derek Chauvin, alimkandamiza George Floyd shingoni kwa goti lake dakika 9 na sekunde 29, mkono wake ukiwa umetulia pajani kama mtu anayesubiri basi. Floyd akafa. Goti ambalo miaka minne mfululizo liliitwa dharau likatazamwa upya, maana sasa dunia nzima ilikuwa imeona goti la dharau likoje. Siku kumi na moja baadaye kamishna wa ligi, Roger Goodell, akakiri kwamba ligi ilikosea kutowasikiliza wachezaji wake. Jina la Kaepernick hakulitaja. Shirikisho la soka la Marekani nalo, ambalo 2017 liliweka kanuni ya kulazimisha wachezaji wasimame baada ya Megan Rapinoe, mchezaji wa timu ya taifa ya wanawake, kupiga goti, likaifuta kanuni hiyo mwezi huohuo wa Juni.

Kisha Uingereza. Juni 17, 2020 Ligi Kuu ilirudi baada ya kufungwa kwa corona, Aston Villa na Sheffield United, viti vitupu. (Wengi wanaikumbuka mechi ile kwa sababu mtambo wa kutambua goli uligoma na Sheffield wakanyimwa bao halali.) Mwamuzi akapuliza filimbi ya kuanza, na badala ya mpira kutembea, wachezaji wote 22 wakapiga goti, na mwamuzi naye. Hakuna wimbo wa taifa pale, wala bendera. Kwa hiyo wale waliosema tatizo ni bendera walitakiwa wanyamaze. Mashabiki waliporuhusiwa kurudi, Desemba mwaka huo, baadhi ya wale wa Millwall wakazomea. Juni 2021 timu ya taifa ya England ikazomewa na watu wake yenyewe mjini Middlesbrough. Mwezi uliofuata wachezaji wake weusi, Rashford, Sancho na Saka, walikosa penalti katika fainali ya Euro, na usiku uleule wakamiminiwa matusi ya ubaguzi mitandaoni.

Hadithi inayonivutia zaidi, lakini, ni ya aliyekataa kupiga goti. Wilfried Zaha, mchezaji mweusi wa Crystal Palace na Ivory Coast, Machi 2021 alibaki amesimama wenzake wote wakiwa chini. Alisema goti limekuwa mazoea tu, linadhalilisha, na wazazi wake walimlea asimame akijivunia alivyo. Watu wakashangaa. Mimi sikushangaa. Mwaka 1787 mfinyanzi Mwingereza Josiah Wedgwood alitengeneza nishani ya waliopinga biashara ya utumwa: Mwafrika mwenye minyororo, goti chini, mikono imeinuliwa, akiuliza kama yeye si binadamu na ndugu. Ilivaliwa sana na watu wema. Lakini hata katika wema huo mtu mweusi aliwekwa magotini akiomba. Zaha aliona kivuli hicho. Kaepernick aliposhusha goti mbele ya safu iliyosimama, goti lilikuwa kukataa. Zaha aliposimama mbele ya safu iliyopiga magoti, kusimama ndiko kulikuwa kukataa. Misuli ni tofauti, kitendo ni kilekile.

Na goti la amri? Oktoba 26, 2021, asubuhi ya mechi ya kombe la dunia la kriketi dhidi ya West Indies huko Dubai, bodi ya kriketi ya Afrika Kusini iliwaamuru wachezaji wote wapige goti. Quinton de Kock, mchezaji mzungu, akajitoa kwenye mechi. Baadaye aliomba radhi, akaeleza kwamba ndani ya familia yake mwenyewe wamo watu weusi na machotara, na kilichomuudhi ni kuamrishwa. Mechi iliyofuata akapiga goti. Wako wanaomlaumu mpaka leo, na katika nchi yenye historia ya Afrika Kusini nawaelewa. Lakini bodi nayo ilifanya kosa la yule askari wa mji wetu: ukimpigisha mtu goti kwa amri, hujui tena goti lake linasema nini. Ligi Kuu ya Uingereza yenyewe iliona ishara inachuja, na Agosti 2022 manahodha wakakubaliana kupiga goti kwenye mechi chache maalumu tu.

Jambo moja la kwetu huku mashariki, kabla sijakufikia wewe na timu yako. Tarehe 21 Agosti 2016, siku moja baada ya Kaepernick kukaa benchi kwa mara ya pili bila kuonwa, sisi sote macho yalikuwa kwenye Olimpiki ya Rio, kwa Eliud Kipchoge akichukua dhahabu ya marathoni. Nyuma yake akaja Mwethiopia Feyisa Lilesa, wa pili. Akiukaribia utepe aliinua mikono juu ya kichwa na kuikutanisha alama ya X, ishara ya Waoromo waliokuwa wakiandamana kupinga serikali ya Ethiopia na kuuawa. Hakuwa na bendera ya kukosea wala wimbo wa kukatiza. Hakurudi nyumbani. Alikaa ugenini mpaka Oktoba 2018, baada ya serikali kubadilika. Waonyeshe vijana wako na video hiyo. Mwanariadha aliyetumia sekunde tatu za mikono na kulipa miaka miwili ya kutoiona nchi yake ni jirani yetu zaidi kuliko Kaepernick.

Sasa la UMISSETA. Usiwakataze papo hapo, na usiwapangie. Wakalishe kwenye nyasi baada ya mazoezi uwaulize: mnapigia goti nini? Ikiwa kuna kitu kinawakera kweli, watakitaja, nawe utajua kama kinahitaji goti au kinahitaji wewe uende kwa mkuu wa shule kesho asubuhi. Halafu umuulize na yule kipa aliyenyamaza pembeni kama naye anataka, na umhakikishie kwamba akibaki amesimama namba yake haiguswi. Mkuu wa shule na mwamuzi waambie mapema, kama Kaepernick na Boyer walivyokutana kabla ya mechi.

Wakikosa jibu, wakasema tu wameona kwenye video, waambie wainuke wapashe misuli moto.